Jiwe la Kitogani

Wanaosema hasira ni hasara hawakumjua Kazija binti Hamad wa Bwejuu. Yeye hasira yake aliiweka kama mtu awekavyo samli, akaifunika vizuri isiingie sisimizi, akawa anaionja kidogo kidogo miaka na miaka. Siku alipoifunua ilikuwa nzima, haijachacha.

Tuanze na siku yenyewe ilipomwingia, kwani asiyeijua siku hiyo atamwona Kazija ni mwanamke mshari tu, na wapo Bwejuu wamwonao hivyo. Ilikuwa mwaka wa sitini na sita, kusi inavuma. Binti yake wa pekee, Wanu, alikuwa na uchungu wa mimba yake ya kwanza tangu alasiri ya jana yake. Mumewe yuko mjini, kuli wa bandarini. Baba yake kishakufa. Asubuhi Bi Mwanakhamis, mkunga aliyewazalisha wanawake wa Bwejuu tangu Kazija mwenyewe hajaolewa, alitoka uwani akafuta mikono na kuketi kizingitini.

"Mwanangu," alimwambia Kazija, "hili limenishinda. Mtoto kakaa vibaya. Mpeleke mjini, na mpeleke sasa hivi."

Kijiji kilikuwa na gari moja tu, lori la ushirika, na mwenye amri ya lori hilo alikuwa Mjaka, mwenyekiti wa tawi la chama. Mjaka hakuwa mtu baki. Alikuwa ndugu wa tumbo moja wa marehemu mume wa Kazija. Wanu akimwita ami, na kila Iddi alikuwa akienda kumwamkia na kupewa kisenti chake. Kazija alitoka mbio, buibui mkononi, hakuwa na wasaa wa kulivaa.

Alilikuta lori linanguruma. Wanaume wamelijaa, bendera mbele, wanakwenda mkutanoni Makunduchi. Mjaka mwenyewe kashatia mguu mmoja kwenye kidato.

"Shemegi, Wanu anakufa. Tupe gari."

Mjaka alimtazama kama anavyotazamwa mtu aliyekatiza hotuba. "Bi Kazija, hii gari ya umma. Watu wanatungoja Makunduchi. Na uzazi ni mambo yenu wanawake, mnazaa tangu Bibi Hawa. Mpe kombe la dua anywe, tukirudi tutatazama."

"Mtarudi lini?"

"Mkutano ukisha."

Akapanda. Wanaume wale waliokuwa juu, wengine waliwahi kumbeba Wanu mabegani alipokuwa mdogo. Hakushuka hata mmoja. Wengi waligeuza nyuso wakatazama baharini mpaka lori lilipoondoka, na Kazija akabaki pale na vumbi lake.

Walimpakia Wanu kwenye gari la ng'ombe. Mwenye kuijua njia ya Paje kwenda Kitogani ya wakati ule, ile ya kukatia uwandani, mawe matupu na jua, hana haja ya kuelezwa. Walipofika Kitogani ng'ombe aligoma, na Wanu naye akasema hawezi tena kutikiswa. Wakamshusha kwenye kivuli cha banda la kuuzia muhogo. Kazija alikaa juu ya jiwe lililokuwapo pale, akakipakata kichwa cha mwanawe.

"Mama," Wanu aliuliza, "ami hakutupa gari?"

"Linakuja, mwanangu. Linakuja nyuma yetu."

Wanu akageuza shingo kidogo kuitazama njia. Alikufa akiitazama, na mtoto wake tumboni.

Kifo Kazija alikipokea. Kifo ni cha Mungu, na mja hana la kusema. Lakini uongo ule haukuwa wa Mungu. Neno la mwisho alilosikia Wanu kutoka kwa mamake lilikuwa uongo, na aliyemtia Kazija uongo ule kinywani alikuwa Mjaka. Hilo hakulimeza. Walipoligeuza gari kurudi na maiti, Kazija aliinama akalinyanyua lile jiwe alilokalia akaliweka garini pembeni ya mwanawe. Mwenye ng'ombe alidhani ni wazimu wa msiba, akamwacha.

Jiwe akalitia jikoni. Figa lake moja lilikuwa limepasuka, na kila mtu ajua mafiga mawili hayainjiki chungu, basi jiwe la Kitogani likawa la tatu. Kila siku akiwasha moto mbele yake, kila siku akilitazama likizidi kuwa jeusi. Watu wa Bwejuu hawakujua. Waliona mafiga matatu kama mafiga ya watu wote.

Ilipofika arobaini ya Wanu kukasomwa hitima na kukapikwa pilau. Kazija alikuwa uwani, nyuma ya ua wa makuti, na makuti yana matundu. Alimwona Mjaka amekaa mbele, amekula sahani ya kwanza, akaletewa ya pili, nayo akaimaliza, akamshukuru Mola wake kwa sauti. Kisha akasimama kusema. Alisema msiba ule umewauma wote, alisema zama zimebadilika na mwanamke hafai kufia njiani, na akaahidi mbele ya umati kwamba Bwejuu itajenga chumba cha wazazi. Wanawake watabeba mawe, wanaume watajenga, serikali itaombwa saruji na mabati.

"Unasikia?" Bi Mwanakhamis alimnong'oneza.

"Nnasikia," alisema Kazija. "Basi hicho chumba ndicho diya ya damu ya mwanangu. Mawe ntabeba."

Na mawe akabeba. Wanawake wote walibeba. Maji yakikupwa, walikwenda pwani na sururu kukata mawe, wakayaleta juu kichwani, kata ya majani ya mgomba chini ya jiwe, mtoto mgongoni juu ya yote. Walikata kuni za tanuu la chokaa, waliteka maji, walichota mchanga. Kurudi nyumbani wanakuta mume anauliza chakula kiko wapi. Wanaume walijenga, sikatai, ila walijenga kama watu wanaocheza bao, jiwe moja na mabishano saa nzima. Siku wakubwa kutoka mjini wanapopita ndiyo utawaona wameshika sururu wote, na wanawake wanaambiwa wakae kando wasiharibu picha.

Siku moja Kazija alikwenda kwenye kikao cha kamati akaomba wanawake wapewe japo kiti kimoja, kwa kuwa chumba ni chao na mawe ni yao. Mjaka alicheka kwanza, ndipo akajibu.

"Mtakuja kutupa rai gani, Bi Kazija? Za kuungia mchuzi?"

Kamati nzima ikacheka. Kazija alirudi nyumbani akainjika chungu chake na kukitazama lile jiwe lake jeusi. Kesho yake alfajiri alikuwa wa kwanza kushuka pwani.

Baada ya miaka minne nyumba ikasimama. Chumba kimoja kikubwa, kibaraza mbele, mabati juu yanameremeta, mlango wa rangi ya kijani. Wanawake walipiga vigelegele. Na wiki ile ile vikaingizwa viti, ikaingizwa meza, ikaingizwa redio kubwa ya betri, na Mjaka na wenziwe wakahamia ndani wakawa wanasikiliza habari na kunywa kahawa. Jengo likaitwa Barza ya Tawi.

Kazija alikwenda mwenyewe. Alisimama mlangoni, hakuvuka.

"Shemegi, kitanda cha wazazi kitakaa wapi?"

"Kwa sasa kamati ina dhiki ya pahala. Mambo ya wazazi baadae, inshallah." Mjaka aliipunguza redio kidogo. "Na tuseme kweli, Bi Kazija. Jengo zuri kama hili, linaloingia wageni, halifai kutiwa madamu ya wanawake."

Nimesema Kazija aliionja hasira yake kidogo kidogo. Siku ile alichota kata nzima akaila. Wenziwe walitaka kwenda kupiga kelele barazani, wengine walisema wavunje viti. Kazija akawakataza. Aliwaambia kelele za wanawake wanaume wameshazizoea, zinawaingilia sikio moja zinatokea la pili. Wangoje.

Baada ya miezi kadhaa alikwenda mjini kuuza kamba zake za usumba wa nazi Darajani. Alipomaliza akapita Michenzani, ambako majumba marefu yale yalikuwa yanaanza kunyanyuka, akasimama kutazama. Wasichana, wadogo kuliko Wanu, walikuwa wamejifunga vibwebwe wanapokezana makarai ya zege na wavulana. Akamuuliza mmoja majumba yatakuwa ya nani.

"Ya watu wote, mama."

"Wote," alisema Kazija, akacheka peke yake. "Haya mwanangu. Kaza kibwebwe, na jicho lako liwe mlangoni."

Kutoka hapo alikwenda moja kwa moja Mji Mkongwe, kwenye ofisi iliyokuwa ikishughulika na maendeleo ya vijiji vya shamba, akaulizia bwana anayegawa saruji. Akapelekwa kwa kijana mmoja mpole, mwenye miwani, jina lake Muhiddin.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Mie natoka Bwejuu. Nimekuja kukuuliza tu, yale mabati na saruji mlotupa yalikuwa ya nini?"

Muhiddin hakuhitaji kufikiri. "Ya chumba cha wazazi. Mbona mwenyekiti wenu kashanialika nikakifungue? Nnakuja mwezi ujao, mama, na wakubwa wangu wawili. Amenambia kitanda kishawekwa."

Hapo ingekuwa rahisi kusema. Maneno matatu yangetosha. Lakini Kazija alikuwa mtu mzima na alizijua ofisi. Mashtaka ya mwanamke ofisini huishia ofisini: Mjaka ataitwa, ataingia na kofia yake mkononi, atasema bibi huyu tangu kufiwa hayuko sawa, na watu watawaonea imani na huruma wote wawili. Kazija hakutaka kuonewa imani. Akutendaye mtende, mche asiyekutenda, ndivyo walivyomfundisha wazee wake, na akutendaye mbele za watu hulipwa mbele za watu.

"Karibu sana, mwanangu," alisema, akajitanda buibui lake vizuri. "Njoo na njaa. Sie tutakupikia."

Aliyeileta siri yote hadharani alikuwa mke wa Mjaka mwenyewe. Jina lake Sichana, mke wa tatu baada ya wawili walioachwa, msichana wa umri ambao Wanu angekuwa nao, na mimba yake imeshaanza kuonekana. Siku mbili kabla ya wageni kufika alikuja uwani kwa Kazija macho mekundu.

"Bi Kazija, kanichukulia kitanda changu. Cha arusi yangu. Kakipeleka barzani na mashuka meupe, viti kavificha kwa rafiki yake. Anasema wageni wakiondoka kitarudi nyumbani na wao watarudi zao barzani. Mie anambia nlale chini."

Kazija alimtazama tumbo, kisha akamtazama usoni. Alikuwa na sababu ya kumchukia, kwa ajili ya aliyemuoa, lakini hakuipata.

"Kina alama yoyote kitanda chako?"

"Mguu mmoja ulivunjika, akatia kigogo cha mnazi."

"Basi kaa hapo," alisema Kazija. "Kula kwanza. Halafu n'takwambia."

Siku ya siku ikafika. Kamati ilitoa mchele wa mgawo na mbuzi wawili, ikawakabidhi wanawake, na Mjaka akaja mwenyewe kuwahimiza pilau lisiungue. Halikuungua. Lilipikwa likawiva, nalo likaliwa uwani kwa Kazija: watoto kwanza, kisha vikongwe, kisha wajane, kisha wote waliowahi kubeba jiwe. Pakawekwa sinia moja pembeni. Na wakati wao wanakula, Bi Mwanakhamis aliketi upande wa upepo anakaanga vitunguu na thomu kwenye sufuria tupu, mdalasini kidogo, iliki kidogo, ili harufu iwafikie wanaume barazani wanaosikiliza hotuba. Hakuna aliyemwagiza. Alisema na yeye ana yake moyoni.

Wageni walionyeshwa kitanda kutoka mlangoni, wakakipigia makofi, kisha zikaja hotuba, nazo zilikuwa ndefu. Mjaka aliwashukuru wanaume wa Bwejuu kwa jasho lao. Aliishukuru kamati kwa hekima yake. Mwisho, alipokumbuka, aliwashukuru "mama zetu kwa kutupikia". Muhiddin na wakubwa zake walipiga makofi, matumbo yao yananguruma. Mikeka ikatandikwa.

Desturi ni vijana kupokea masinia uwani na kuyapeleka kwa wanaume. Siku ile waliyaleta wanawake wenyewe. Walikuja mmoja nyuma ya mwengine, kila mmoja na sinia kichwani lililofunikwa kawa, na walikuwa wanatembea taratibu kwa sababu masinia yalikuwa mazito. Wanaume waliyaona mazito wakafurahi. Kila sinia likatuliwa mbele ya watu wake, na wanawake badala ya kuondoka wakasimama pale pale. Kazija alikuwa wa mwisho. La kwake alilitua mbele ya Mjaka na mgeni wake.

Maji yakamwagwa, wakanawa mikono. "Bismillahi," alisema Mjaka, akafunua kawa.

Juu ya sinia, katikati, lilikuwapo jiwe moja jeusi la masizi.

Kawa nyengine zikafunuliwa. Mawe. Mawe meupe ya pwani, yaliyobaki kwenye rundo la ujenzi, moja kila sinia. Mtu mmoja wa nyuma alilipapasa la kwake kwa kidole, pengine akidhani limo pilau chini yake.

"Nini hiki?" aliuliza Mjaka.

"Ndicho tulichokipika miaka yote hii," alisema Kazija. "Jasho lenu hilo, si mmesema? Basi onjeni."

Mjaka alisimama akamgeukia mgeni wake. "Bwana Muhiddin, umejionea mwenyewe. Hawa wapinga Mapinduzi. Hawa watu wa kufungwa."

Neno hilo siku zile halikuwa la mchezo. Mtu alikuwa akitupiwa neno hilo asubuhi na jioni watu wa kwake hawajui wamuulizie wapi. Mmoja wa wanawake waliokuwa wamesimama nyuma ya masinia alianza kulia. Kazija mwenyewe aliogopa. Lakini aliogopa akiwa amesimama, hakurudi nyuma.

Muhiddin alikuwa amekunja uso. Na yeye ni mtu, ametoka mjini alfajiri, amewekewa jiwe mbele ya wakubwa zake. "Mama," alisema, "unajua ulilolifanya?"

"Najua, mwanangu. Hilo jiwe linatoka Kitogani. Nlikaa juu yake nimempakata binti yangu siku anakufa na mtoto tumboni, na siku hiyo huyu, ami yake, alipanda gari akenda mkutanoni. Arobaini yake alikula sahani mbili, nkimwona. Leo nimemletea ya tatu."

Ndipo Sichana akatoka mstarini, mkono mmoja tumboni.

"Na kile kitanda ulichokipigia makofi, bwana, changu mie. Kesho kinarudi nyumbani. Mguu mmoja una kigogo cha mnazi. Katazame."

"Huyu ana mimba," Mjaka alisema haraka, "hajui asemalo."

Muhiddin aliinuka akaingia ndani. Watu walimwona kupitia mlangoni anainama, ananyanyua lile shuka jeupe, anatazama. Alipotoka alikuwa ameivua miwani anaifuta, na aliifuta muda mrefu. Sisemi kwamba alikuwa mtu wa haki kuliko wengine. Alikuwa mtu aliyegundua mabati yake yametapeliwa, na wakubwa zake wanamtazama. Haki nyengine huja kwa njia hiyo, na Kazija alikuwa ameshaihisabu alipomkaribisha na njaa yake.

"Niliitwa kufungua chumba cha wazazi," alimwambia Mjaka. "Nipe ufunguo."

Mjaka akautoa mfukoni. Muhiddin akaupokea, akatazama huku na huku kama asiyejua wa kumpa, kisha akampa Kazija.

"Ahsante," alisema Kazija. "Chakula chako kipo, mwanangu. Umetiwa sinia moja na yeye, ndo maana ukakuta jiwe. Njooni mle, lakini chetu kiko uwani."

Wageni wakaenda wakala uwani, kati ya watoto na vikongwe, wakarudishiwa mara mbili. Wanaume wa Bwejuu walibaki mikekani na mikono yao iliyonawiwa.

Mjaka hakufungwa wala hakuvuliwa uenyekiti. Watu wa namna yake hawaondoki upesi. Lakini kitanda cha chuma kililetwa kutoka mjini, muuguzi naye akawa anakuja kila wiki, na Bi Mwanakhamis akapewa pahala pake ndani. Kitanda cha Sichana kilirudi nyumbani. Kwenye kamati wakaingia wanawake wawili, na mmoja alikuwa Kazija, ambaye kikao cha kwanza alikaa karibu kabisa na Mjaka na hakusema neno tangu mwanzo mpaka mwisho, anamtazama tu. Watu wanasema mwenyekiti siku hiyo alimwaga kahawa.

Jiwe, kulikuwa na rai ya kulijenga ukutani kwa kumbukumbu. Kazija akakataa. Alilibeba mwenyewe akaliweka nje ya mlango wa chumba, upande unaopigwa jua asubuhi. Hakueleza kwa nini. Jikoni kwake alitafuta figa jengine.

Miezi ikafika, na Sichana akashikwa na uchungu. Waliomleta ni wanawake, alfajiri, na jua lilipopanda alikuja Mjaka, kanzu haikupigwa pasi, kofia mkononi. Alitaka kuingia. Kazija alisimama mlangoni na ufunguo kiunoni.

"Hapaingii mwanamume. Kaa hapo."

Hapakuwa na pa kukaa ila pale. Mjaka alilitazama jiwe, lilikuwa bado jeusi upande mmoja. Akalijua. Akakaa.

Ndani mambo yalikwenda vizuri. Sichana alikuwa na nguvu, mtoto alikaa sawa, na kabla jua halijawa kali alizaliwa mtoto wa kike, akalia mara moja kwa sauti nene. Nje Mjaka aliruka akaja mlangoni.

"Bi Kazija, kazaa? Hali yake?"

Nyuma ya Kazija, Sichana alikuwa ameegemezwa mto anakunywa uji wa pilipili manga, anauliza kama mumewe amekuja.

"Mtoto katoka," alisema Kazija. "Mama yake si mzima. Damu haijakata. Rudi ukakae."

Mjaka akarudi. Alikaa juu ya jiwe la Kitogani akajishika kichwa kwa mikono miwili, na mabega yake yakaanza kutikisika. Jua lilikuwa linampiga usoni. Kazija alisimama akimtazama. Alikuwa ameingoja saa ile tangu mwaka wa sitini na sita, na sasa imefika aliiona ni tamu, tamu kweli, na haoni haya kuionja.

Bi Mwanakhamis alimvuta kanga. "Kazija, mwache mtu. Inatosha."

"Wacha akae. Mie nlikaa."

Aliingia ndani, akamchukua mtoto akampakata. Sichana alimtazama, akasema, "Jina mpe wewe."

"Wanu," alisema Kazija.

Kwa hiyo Mjaka atakuwa analiita jina hilo mwenyewe, asubuhi na jioni, mpaka afe. Kazija alimsomea mtoto dua sikioni, akamrudisha kwa mamake, akamfunika vizuri. Kisha akarudi mlangoni. Mjaka aliinua uso, umelowa, hajali nani anamwona.

"Bi Kazija, wallahi nakuomba. Nikae hapa mpaka lini?"

"Mkutano ukisha," alisema Kazija, akafunga mlango.